Profesa Collier na wabeba mizigo wa Rubona

Kitabu kilifika kwetu ndani ya katoni. Mfanyakazi mmoja wa shirika alimaliza mkataba wake, akaondoka, akatuachia vitabu alivyoshindwa kubeba. Juu kulikuwa na hesabu za senior 2, katikati kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada, na chini kabisa kitabu cha Kiingereza chenye jina fupi: Exodus. Nikadhani ni cha dini, nikakiweka kwenye rafu ya Biblia. Kilikaa hapo wiki tatu mpaka kijana mmoja wa kikundi chetu alipokifungua na kunijia mbio. "Dada, humu hamna Musa. Humu wanatuongelea sisi."

Alikuwa sahihi. Mwandishi ni Paul Collier, mchumi Mwingereza, profesa wa Oxford, yuleyule aliyeandika The Bottom Billion mwaka 2007. Exodus kilitoka mwaka 2013. Kinauliza kama ni haki nchi kuzuia watu kuingia, na kama kuzuia kunaleta faida au hasara ya uchumi, kwa nani. Nimekisoma kwa miezi minne, kamusi mkononi, na zile sura ngumu nimezirudia. Elimu yangu ni ya sekondari tu, uchumi wa chuo sina. Lakini haya anayoyaandika kama somo, sisi tunayaishi, na nadhani mtu akiandikwa ana ruhusa ya kujibu.

Kwa wasomaji ambao hamjafika Rubona: ni kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi, kandokando ya Ziwa Kivu. Kuna kiwanda cha bia cha Bralirwa, kuna maji ya moto yanayotoka ardhini ambako watu huenda kukanda miguu, na kuna ufuko ambako mitumbwi ya sambaza hurudi alfajiri. Wazazi wangu walitoka Masisi mwaka 1996. Mimi nimezaliwa kambini Kiziba, kule juu Karongi, mwaka 1999. Nimekuja Rubona kutafuta maisha, na sasa nafanya kazi na vijana, kama thelathini hivi, nusu wakimbizi na nusu wenyeji. Kila Jumamosi tuna mdahalo. Kitabu hiki kimetupa midahalo sita, na mmoja nusura uishe kwa ngumi. Nitafika huko.

Kwanza nimtendee haki mwandishi. Collier si mtu wa kuchukia wageni. Anaanza na babu yake, Karl Hellenschmidt, aliyetoka kijiji cha Ernsbach, Ujerumani, akahamia Bradford, Uingereza. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, familia ile ikaonwa kuwa ni maadui, na baadaye baba yake Collier akaliacha jina la Kijerumani, akajiita kwa jina ambalo mwanawe analo leo. Nilipoisoma hadithi hiyo nilikaa kimya kidogo. Wangapi kati yetu tumebadilisha matamshi ya jina mbele ya karani?

Hoja yake, kwa ufupi, ni hii. Kuuliza kama uhamiaji ni mzuri au mbaya ni kupoteza muda. Swali la maana ni kiasi gani. Kuna makundi matatu ya kuhesabia: wanaohama, wenyeji wanaowapokea, na waliobaki nyumbani. Wanaohama ndio wanaofaidi zaidi. Wenyeji, kwa jumla, hawaumii wala hawatajiriki sana. Wa hali ya chini wanaweza kupoteza kidogo kwenye mishahara na nyumba za kupanga. Waliobaki nyumbani wanapata pesa zinazotumwa, lakini nchi ndogo na maskini ikitoa watu wake wengi wenye elimu inabaki bila damu. Mfano wake ni Haiti. Halafu anasema uhamiaji una kawaida ya kujiongeza wenyewe: ndugu aliyetangulia anamwonyesha njia anayefuata. Ukiachiwa, anahofia, utafika kiasi ambacho wenyeji wanaacha kuaminiana na kujaliana. Kwa hiyo lazima kuwe na kikomo, na ndani ya kikomo kuwe na kuchagua.

Ni kitabu kilichoandikwa kwa uwazi. Hakipigi kelele. Hata mtu kama mimi anaweza kufuata, na hicho si kitu kidogo kwa mchumi. Na kuna mahali amenigusa kabisa. Pale anaposema juu ya waliobaki, nilikumbuka kambini. Wale walimu wetu wa kujitolea waliojua Kiingereza vizuri ndio walioondoka wa kwanza kwenda Marekani. Tuliwasindikiza kwa nyimbo, tukalia kwa furaha, na Jumatatu darasa la hesabu halikuwa na mtu. Hatukumlaumu hata mmoja. Lakini darasa lilibaki tupu, na Collier ana haki ya kulihesabu.

Sasa nije kwenye ule mdahalo wa ngumi.

Hoja ya siku ilikuwa "Kuzuia wageni kunawalinda wenyeji maskini." Mimi nilikuwa nimejiandaa na takwimu. Nilikuwa nimeipata habari ya utafiti uliofanywa kwenye kambi tatu za Wakongomani hapahapa Rwanda, na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ukachapishwa mwaka 2016. Waliona kwamba mkimbizi mtu mzima anayepewa msaada wa fedha taslimu anaongeza kipato halisi cha eneo linalozunguka kambi kwa dola 205 hadi 253 kwa mwaka, wakati msaada wenyewe anaopewa ni dola 120 hadi 126. Yaani pesa inaingia mkononi mwa mkimbizi, inakwenda dukani, mwenye duka ananunua mahindi kwa mkulima, mkulima anamlipa fundi, na inazaa. Nilisoma tarakimu hizo kwa sauti kubwa. Vijana wa upande wangu wakapiga makofi.

Akasimama kijana mmoja mwenyeji, mbeba mizigo pale ufukoni. Si mtu wa maneno mengi. Akasema: "Dada, mimi sina ubaya na watu wako. Ila zamani gunia moja kulipandisha mpaka barabarani ilikuwa faranga mia mbili. Sasa bosi ananipa mia. Nikikataa anamwita Mkongomani. Hizo dola mia mbili na hamsini zako, mimi sijaziona mfukoni." Mkimbizi mmoja akamjibu vibaya, huyu akamrudishia, viti vikaanguka, nikaingia katikati.

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua kijana hakudanganya. Na kuna utafiti unaomuunga mkono. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walichunguza mkoa wa Kagera, Tanzania, ambako wakimbizi wa Burundi na Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu mwaka 1993 na 1994. Kwa wastani wenyeji walifaidika. Lakini wastani ni kama chakula cha msiba, unasikia watu wamekula na wewe umekosa. Wenye mashamba waliopata vibarua wa bei rahisi walikuwa upande wa kufaidika. Aliyekuwa akiishi kwa kibarua cha kulima shamba la mwingine aliumia, maana washindani walikuwa wengi na bei za baadhi ya vitu sokoni zilipanda.

Kwa hiyo sisi wakimbizi, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, tuache kuwaambia wenyeji kwamba tumewaletea faida, nukta. Tumewaletea faida wengine, na wengine tumewabana. Collier anayasema haya bila kuogopa, na ni bora kuliko mabango yenye picha za watu wanaocheka. Mpaka hapo niko naye.

Tunaachana kwenye hatua inayofuata. Yeye anaona maskini mwenyeji anabanwa, anasema basi tuweke kikomo. Mimi nilirudi ufukoni kuuliza swali dogo zaidi: kwa nini huyu Mkongomani anakubali mia?

Jibu lilichukua siku tatu, kwa sababu hakuna anayependa kusema. Sheria ya wakimbizi ya Rwanda inamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kufanya kazi. Lakini wale waliokuwa wakiitwa kubeba kwa mia walikuwa wapya, walikaa kwa ndugu, hawajapata kitambulisho. Bosi anajua. Anajua mtu asiye na karatasi hawezi kwenda kumshtaki asipomlipa, hawezi kutafuta kazi mjini Gisenyi, hawezi kusubiri kesho. Wawili kati yao walipopata vitambulisho, waliondoka ufukoni wiki ileile. Mmoja yuko kwenye ujenzi, mwingine anauza maandazi na mke wake. Kilichoiangusha bei ni kwamba katika foleni ile kulikuwa na watu wasioweza kusema hapana.

Ukiliona hilo, kikomo cha profesa kinaanza kuonekana tofauti. Kikomo hakimrudishi nyumbani mtu aliyekimbia bunduki. Kinamwacha palepale alipo, ila bila karatasi. Na mtu bila karatasi ndiye mfanyakazi ambaye bosi mbaya anamtamani. Yule mwenyeji maskini uliyetaka kumlinda sasa anashindana na mtu aliyefungwa mikono, na hapo hashindi kamwe.

Ukisema labda Rubona ni padogo mno, tazama Marekani. Kulikuwa na mpango ulioitwa Bracero, ulioleta wafanyakazi wa msimu kutoka Mexico, karibu nusu milioni kwa mwaka ulipokuwa na nguvu. Serikali iliufuta mwishoni mwa 1964, ikisema wazi kwamba inataka mishahara ya vibarua Wamarekani ipande. Michael Clemens na wenzake wawili walizipitia kumbukumbu za majimbo na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Mishahara haikupanda zaidi katika majimbo yaliyopoteza Wamexico kuliko katika yale ambayo hayakuwa nao. Wenye mashamba walinunua mashine pale zilipokuwepo, na pale zisipokuwepo wakapunguza mazao yale. Wageni waliondolewa kwelikweli, na kibarua mwenyeji hakupata kitu. Utafiti huo ulitoka miaka mitano baada ya Exodus, kwa hiyo simlaumu Collier kwa kutoutumia. Ila anayekisoma kitabu leo asikisome bila huo.

Jambo la pili ni uaminifu. Collier anaupa uzito mkubwa, na ni sawa, maana nchi bila kuaminiana ni soko la wezi. Anavyouona, uaminifu ni kama maji kwenye pipa la wenyeji. Wageni wakija wengi mno, kwa haraka mno, pipa linapungua. Nilijaribu kuliangalia pipa hilo pale Petite Barrière.

Wasomaji wa mbali wajue kwanza pale ni mahali gani. Goma na Gisenyi ni miji miwili iliyogusana. Mtu anaweza kuwa na jiko upande mmoja na mteja upande wa pili. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliundwa Gisenyi hapahapa mwaka 1976, ili Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo zipitishe watu na bidhaa. Mikataba ikaja, vita vikaja, lakini kina mama hawakuacha kuvuka. Kabla ya korona ni makumi ya maelfu ya watu waliokuwa wakipita kila siku, wengi kwa miguu, wengi wanawake, na karatasi ya siku moja mkononi, jetoni.

Mama mwenye nyumba ninayopanga alikuwa mmoja wao. Alipeleka karoti na kabichi kwa mteja wake wa Birere, Goma. Hawakuwa na mkataba wowote. Anapeleka leo, analipwa kesho, anapeleka tena. Machi 2020 mpaka ukafungwa. Mteja alikuwa na deni la faranga elfu arobaini, ambazo ndizo zilikuwa mtaji wote wa mama. Baadaye ilitangazwa kwamba bidhaa zivushwe kwa kukusanywa pamoja, gari moja kwa wafanyabiashara wengi, watu wabaki. Utaratibu huo uliwasaidia wenye mzigo mkubwa na vyama vilivyosajiliwa. Mama wa beseni moja kichwani hakuwa na mahali humo. Aliuza mbuzi, halafu akauza beseni lenyewe.

Watembea kwa miguu waliporuhusiwa tena, yule mteja wa Birere akatokea mlangoni kwetu na nusu ya deni. Nusu nyingine aliileta kidogokidogo. Akasema, kwa Kiswahili chao cha Goma, "Mama, deni haikufake juu ya korona." Mama alimpikia.

Sasa niambieni, uaminifu ule ulitoka kwenye pipa la nani? Wanawake wale hawakuzaliwa kijiji kimoja, hawana kabila moja, hawana bendera moja. Waliutengeneza kwa kuvuka kila siku, kukopeshana na kulipana. Kilichokaribia kuuua ni kufungwa kwa mlango. Sisemi waliofunga walikosea. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Nasema tu kwamba katika hesabu ya Collier, kufunga ni njia ya kuulinda uaminifu, na mimi nimeona kufunga kukiula. Hilo halimo kitabuni, kwa sababu watu anaowahesabu ni wale wanaokuja na kukaa. Anayevuka asubuhi na kurudi jioni hana sura yake, na kwetu huyo ndiye mtu wa kawaida.

Na mlango uleule unaweza kufunguka. Mei 22, 2021, Nyiragongo ulilipuka jioni. Mpaka ulikuwa bado chini ya masharti ya korona. Usiku huohuo maelfu ya watu wa Goma waliingia Gisenyi na magodoro na watoto, na walipokelewa. Hakuna aliyeuliza kikomo.

Najua nitaulizwa juu ya usalama, na ni swali la haki. Mzee yeyote wa hapa anakumbuka Julai 1994. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka kuingia Goma kwa siku chache, na ndani ya umati ule walikuwamo wauaji wenyewe, na silaha zao, wakazitawala kambi. Mlango usio na mlinzi unaweza kuingiza kifo. Kwa hiyo kukagua ni haki, na mkimbizi wa kweli ndiye wa kwanza kutaka mwenzake akaguliwe. Lakini mkaguzi anamuuliza mtu amefanya nini. Kikomo kinamuuliza amefika wa ngapi. Kitabu kinayapanga maswali hayo mawili kwenye mfuko mmoja wa sera, kana kwamba yana haki sawa. Mimi nakubali la kwanza. La pili sijaona bado mtu aliyenieleza haki yake iko wapi, kwa aliyefika wa elfu moja na mmoja.

Nimefika sehemu iliyoniuma zaidi, na najua wengi kambini mtaisoma kwa moyo mzito. Juu ya wakimbizi wa vita, Collier anataka nchi tajiri ziwe wakarimu kuliko zilivyo. Asante. Lakini anataka pia haki ya kukaa iwe ya muda: amani ikirudi, mtu arudi, kwa sababu nchi inayojijenga baada ya vita inawahitaji watu wake. Ukiisoma haraka unaona ni busara. Hata wazazi wangu walisema hivyohivyo, kwamba tutarudi amani ikija.

Nikachukua kalamu nikahesabu amani zetu. Mwaka 2002 mkataba ulisainiwa Pretoria. Nilikuwa na miaka mitatu. Machi 23, 2009 mkataba mwingine, Goma. Nilikuwa na kumi. Desemba 2013, Nairobi. Nilikuwa kidato cha mwanzo cha sekondari. Juni 2025, Washington. Nina kazi, nina vijana thelathini. Kama kibali changu kingekuwa kinaisha kila amani inapotangazwa, ningefukuzwa mara nne, kwenda nchi ambayo sijawahi kukanyaga. Usiku, nikipanda njia ya juu ya kiwanda, naona taa za Goma ng'ambo ya maji. Naijua Kongo kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani kwa taa zake.

Nani anapiga kipenga kwamba amani imerudi? Collier ni mtu wa vipimo, amepima mishahara, amepima diaspora, lakini hapa hatoi kipimo kinachomtosha mtu wa Masisi. Na kuna hasara ya uchumi ambayo yeye, mchumi, angepaswa kuiona mwenyewe. Mtu anayejua kwamba atatolewa wakati wowote hapandi mti wa parachichi. Hajifunzi ufundi wa miaka mitatu. Bosi hamfundishi kazi, benki haimkopeshi. Anabaki kwenye gunia la mia. Ukimfanya mtu awe wa muda, unamfanya awe rahisi, na tumeshaona urahisi wake unamuumiza nani.

Mwisho nitazame kikomo kikifanya kazi, maana sasa tunaye mfano hai. Januari 20, 2025, rais wa Marekani alisaini agizo la kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Lilianza kutumika Januari 27. Siku hiyohiyo M23 waliingia Goma, na watu wakavuka tena kuja Rubavu wakikimbia risasi. Baadaye mwaka huohuo kikomo cha mwaka wa bajeti wa 2026 kikatangazwa: watu 7,500 kwa dunia nzima, nafasi nyingi zikiwa kwa Waafrikana wa Afrika Kusini. Mwaka uliotangulia kikomo kilichowekwa kilikuwa 125,000. Kambini wapo waliokuwa wameshauza vyombo vya jikoni wakisubiri ndege.

Collier hakuandika agizo hilo, na kwa alivyoandika juu ya wakimbizi nadhani lingemsikitisha. Lakini mwenye kitabu anayesema "wekeni kikomo, mchague" lazima aulizwe kikomo hicho kitashikwa na mkono wa nani. Kitabuni kinashikwa na watu wenye busara, wanaopima faida ya makundi yote matatu. Duniani kinashikwa na anayeshinda uchaguzi, na kati ya makundi yale matatu, ni kundi moja tu linalopiga kura.

Je, kitabu kisomwe? Ndiyo, na nawaomba wafanyakazi wa mashirika wakisome pia, hasa kurasa zinazowahusu wenyeji maskini na waliobaki nyumbani. Kinatunyima uvivu wa kusema kila anayehofia wageni ni mbaguzi. Ila kisomwe na swali lake kuu likiwa limegeuzwa kidogo. Kabla ya kuuliza waingie wangapi, tuulize aliyeingia ana karatasi gani mkononi, na bila hiyo karatasi nani anamla. Kwa nilivyoona hapa, kumpa mgeni kitambulisho haraka kunamlinda mwenyeji kuliko kumpunguza mgeni.

Wale wabeba mizigo walikaa chini baadaye, bila mimi. Wenyeji wanane na wakimbizi sita. Walikubaliana kwamba gunia halibebwi chini ya mia mbili, aitwe nani. Bosi alinuna wiki nzima, akatafuta wengine, akarudi. Sitawadanganya kwamba imekwisha. Kuna siku mtu ana njaa anabeba kwa mia na hamsini, na wenzake wanagombana naye, na wanapatana. Lakini yule kijana mwenyeji aliyesimama kwenye mdahalo ndiye aliyeanzisha kikao, na wa kwanza kwenda kumwita alikuwa yule aliyetupiana naye viti.

Kitabu kiko chumbani kwetu, kimefungwa plasta kwenye mgongo. Anayekitaka aje Jumamosi akiandike jina kwenye daftari. Akirudishe.